Baba ana Parkinson, tumnyime maharage?

SWALI: Tumeambiwa protini zimeganda ubongoni mwa baba. Je, tumpunguzie maharage na nyama?

JIBU: Msimnyime! Protini hiyo, alfa-sinukleini, hutengenezwa na seli zenyewe. Haitoki kwenye sahani. Ikikunjika vibaya hunatana na nyingine, na seli ikishindwa kuzoa taka hizo, mabonge hujengeka. Mtafiti Friedrich Lewy aliyaona kwa hadubini mwaka 1912. Kwamba yamejaa protini hii kulijulikana 1997. Kama mabonge ndiyo yanayoua seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo, au ni mabaki tu ya vita, wataalamu bado wanabishana. Dawa ya levodopa huziba pengo la dopamini, haiyeyushi mabonge. Kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya mlo, kwani protini ya chakula huizuia kufyonzwa vizuri. Muulizeni daktari wake kuhusu saa za dozi.