Somo la Mwezi: Mvivu ni Nani?



Katika mtaa wetu neno "mvivu" hutoka mdomoni kwa urahisi sana. Asiyefika shamba la kanisa siku ya zamu yake ni mvivu. Kijana aketiye kando ya barabara pale Tukuyu ni mvivu. Siku hizi wako pia wasemao kinyume chake: ati uvivu haupo kabisa, ni jina tu ambalo mabepari wamewapa watu waliochoshwa na kazi. Tumeulizwa habari hii mara nyingi katika mafundisho, nasi twataka kuitazama pamoja nanyi, maana neno hili limewaumiza watu. Sisi wenyewe tumelitumia vibaya, kama tutakavyoungama huko mbele.

Babu zetu wa Rungwe hawakuwa watu wa kukaa bure. Kulima matuta ilikuwa kazi ya wanaume, na migomba ilitaka kutunzwa mwaka mzima. Lakini Mzungu aliyetafuta vibarua aliona taabu kuwapata, kwa sababu mtu mwenye ndizi, maharage na maziwa nyumbani kwake ana haja gani ya kwenda kumlimia mwingine kwa ujira mdogo? Kwa hiyo aliitwa mvivu. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na mojawapo ya makusudi yake ilikuwa kumsukuma Mwafrika aende akatafute fedha kwa kazi ya kuajiriwa. Waingereza nao waliendelea na kodi. Ndipo wanaume wa hapa walipokwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na wengine wakavuka mpaka hadi migodi ya shaba katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Wake zao walibaki na jembe.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Someni Kutoka, mlango wa 5. Waisraeli waliomba ruhusa ya kwenda kumwabudu Mungu, na Farao akajibu kuwa ni wavivu. Akawanyima majani ya kufyatulia matofali, wala hakupunguza hesabu ya matofali hata moja. Angalieni ni nani anayesema, na amekaa wapi anaposema.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili. Uvivu upo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuogopa kulisema jambo hili: lilieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, huku wanaume wengi wa vijijini wakiwa kama watu walio likizo kwa nusu ya maisha yao. (Baadhi ya wanawake wa mijini nao walitajwa, akina baba wasisahau kutukumbusha.) Tuulizane kwa haki, katika mashamba yetu ya chai mambo yamebadilika kiasi gani? Chai haingoji. Ikichipua huchumwa, mvua inyeshe isinyeshe, na majani mabichi yafike kiwandani siku ile ile. Zinahitajika kilo nne au tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Mama ameshinda shambani, amerudi na kuni kichwani, anapika, anaogesha watoto. Fedha ya chai ikitoka, nani anakwenda kuipokea, na usiku ule inalala wapi? Mtu mwenye nguvu zake anayeishi kwa jasho la mkewe hajachoshwa na ubepari. Mtu wa namna hiyo ana jina lake: kupe.

Serikali nayo ilipata kujaribu kuwatafuta wavivu kwa sheria, ile ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Huko Dar es Salaam walikamatwa wazururaji, lakini pamoja nao walikamatwa wauza maandazi na wachuuzi wa karanga walioamka kabla ya jua. Hawakuwa na vitambulisho vya kazi, lakini kazi walikuwa nayo.

Tena uko uchovu ambao ni ugonjwa. Safura huingia kwa nyayo zisizo na viatu katika udongo wenye unyevu, na udongo wetu wa Rungwe karibu wakati wote una unyevu. Mdudu hunyonya damu polepole. Mgonjwa hana homa, hana kidonda, ila jembe linamshinda. Kule Marekani, majimbo ya kusini, maskini walisemwa kuwa wavivu kwa asili, mpaka kampeni iliyoanza mwaka 1909 ilipowapima na kukuta safura kwa mamia ya maelfu. Uko na uchovu wa moyo unaotokana na kazi isiyo na pumziko. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza katika orodha yake, si kama ugonjwa, bali kama hali iletwayo na kazi: nguvu kuisha, kuichukia kazi, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana. Eliya aliifahamu hali hii. Chini ya mretemu aliomba afe. Malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena.

Sasa ungamo letu. Katika orodha ya zamu tulisoma mbele ya watu jina la mama mmoja aliyekosa mara tatu. Watu walicheka. Baadaye tulisikia kwamba alipimwa akakutwa hana damu ya kutosha, na kwamba siku hizo tatu alikuwa amechuma chai yake na ya mama mkwe aliye mgonjwa. Mumewe alikuwapo kanisani siku ile. Alicheka pamoja nasi, na hakuna aliyesoma jina lake.

Tumekwenda kumwomba radhi. Kuanzia mwezi huu orodha haitasomwa tena kanisani. Atakayekosa zamu, wawili kati yetu watapita nyumbani kwake, wakiwa na jembe. Na zamu zote zitaandikwa kwa majina ya baba na mama, kila mmoja siku yake.