Asili ya Mji wa Nyeri na Koo Zake

Mji wa Nyeri ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati wa Kenya hata mwaka wa 2013, kaunti ziliposhika mahali pa mikoa. Waingereza walijenga boma lao hapo mwaka wa 1902, karibu na kilima cha Nyeri, kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Lakini nchi hiyo ilikuwa na wenyewe zamani kabla ya boma.

Wazee wa Kikuyu husimulia kwamba Gikuyu na mkewe Mumbi walikaa Mukurwe wa Nyagathanga, katika Murang'a, wakazaa mabinti waitwao "tisa kamili", ambao kwa hesabu ni kumi. Kutokana na hao zilitoka koo: Anjiru kwa Wanjiru, Ambui kwa Wambui, Agaciku kwa Wanjiku, na kadhalika. Wanahistoria nao wasema kwamba watu walisambaa kutoka pande za Murang'a kizazi baada ya kizazi. Wengine wakaelekea kusini hata Kabete, na wengine kaskazini hata Gaki, ndiyo Nyeri.

Msituni walikuta Athi, watu wa kuwinda na kurina asali. Upande wa nyanda walikuta Wamaasai, wakapigana nao, wakafanya biashara nao, na wakaoana nao.

Yafaa msomaji atofautishe mambo mawili. Muhiriga ni ukoo mkubwa, ambao watu wake wametawanyika kila mahali. Mbari ni wazao wa babu mmoja aliyefyeka msitu kwanza, nao walishiriki githaka, yaani ardhi yake. Mpaka ulionyeshwa kwa mto, kwa mti, au kwa mmea wa itoka.

Habari hizi si hadithi za jioni tu. Mashamba yalipokusanywa na kupimwa katika miaka ya 1950, kamati za wazee ziliamua haki ya kila mtu kwa kumbukumbu, kwa maana hati hazikuwapo. Mwenye kujua habari za babu yake alikuwa na la kusema. Lakini wengi waliokuwa kizuizini hawakuwapo kujitetea, na wengine walirudi wakakuta ardhi yao imepungua au imekwenda.

Basi kijana aliyezaliwa mjini na amwulize babu yake mapema: Muhiriga wetu ni upi? Mbari yetu ni ipi? Mzee akizikwa, majibu huzikwa naye.