Blenda Haijui Kupika: Maswali na Majibu

Blenda zimeenea majumbani haraka kuliko maarifa ya kuzitumia. Vitumbua vikitoka na chenga, tui likigeuka madonge au juisi ikiwa chungu, lawama huangukia mashine: ni ya bei ndogo, kisu chake kimeisha makali, ile ya jirani ni bora. Kwa maoni yangu mashine inasingiziwa. Kisu cha blenda kina kazi moja tu, kuvunja. Ladha, ulaini na usalama huamuliwa na maji, joto na muda, yaani na mwenye jiko kabla hajabonyeza swichi na mara tu baada ya kuizima. Majibu yafuatayo yote yanasimama juu ya hoja hiyo.

Nasaga mchele wa vitumbua hadi blenda inanuka moto, na bado rojo lina chenga. Ninunue yenye nguvu zaidi?

Kabla hujatoa pesa, hesabu saa ulizoloweka mchele. Mchele mkavu wa dukani una unyevu wa takriban asilimia 13. Ukilowekwa saa kadhaa unyevu huo hupanda hadi karibu asilimia 30, na punje iliyokuwa ngumu huwa laini kiasi cha kusagika bila kisu kulazimisha. Tofauti haiishii kwenye chenga. Mchele ukisagwa ungali mgumu, chembe zake za wanga hupasuka kwa msuguano na joto, na wanga uliopasuka hunyonya maji mengi kupita kiasi. Rojo linaonekana zito, unaongeza tui, na mwishowe kitumbua kinaiva nje huku ndani kikinata. Kwa hiyo loweka usiku kucha, kisha jaribu punje moja kwa kuibana kati ya kucha mbili: ikivunjika unga mtupu, bila kiini kigumu katikati, mchele uko tayari. Mwaga maji ya kuloweka, weka mchele nusu jagi, na tui la kuufunika tu. Tui likizidi, punje zinazunguka na maji zikikikwepa kisu. Saga dakika moja, zima, pumzisha, saga tena. Kisha chovya vidole na usugue rojo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mchanga, bado.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri, kwa kutia hamira ndani ya blenda pamoja na kila kitu. Shika jagi baada ya kusaga kwa muda mrefu: lina joto. Hamira hufanya kazi vizuri katika uvuguvugu, lakini joto likifika nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi inakufa, na rojo haliumuki hata ukilisubiri hadi jioni. Mimina rojo kwenye bakuli, liache lipoe, ndipo utie hamira na iliki. Mkate wa kumimina wa Zanzibar unafuata kanuni hiyohiyo. Kuna atakayesema unga wa mchele wa dukani unamaliza usumbufu wote huu. Unasaidia, sikatai, lakini umesagwa mkavu, kwa hiyo una ile kasoro ya wanga uliopasuka. Ukiutumia, uchanganye na tui na uuache ukae saa mbili tatu unywe maji yake kabla ya hamira, na usitarajie kitumbua chenye ulaini uleule.

Wazee wanasema tui la mbuzi na kifumbu halifikiwi na la blenda. Ni kweli au ni mazoea?

Wana hoja, ila sababu si ile inayotajwa. Anayekuna kwa mbuzi huishia kwenye nyama nyeupe na kuliacha ganda la kahawia ndani ya kifuu. Anayetumia blenda hutupia vipande pamoja na ganda hilo, kisha analalamika kwamba tui lina rangi ya vumbi na uchungu kwa mbali. Menya ganda kwa kisu na tofauti kubwa inakwisha. Sababu ya pili ni maji. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukisaga kwa maji ya friji, mafuta yanaganda juu ya machicha na kubaki humo, na kinachopita kwenye chujio ni maji meupe yasiyo na utamu. Tumia maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia. Yanayochemka usithubutu: mvuke uliofungiwa ndani ya jagi hurusha kifuniko mara tu kisu kinapoanza kuzunguka, na watu huungua uso kwa njia hiyo. Saga kwanza kwa maji machache upate kasimile, kamua kwa nguvu, kisha rudisha machicha na maji mengine upate tui jepesi. Nazi ikishughulikiwa hivyo, blenda hufungua nyama yake kuliko mbuzi na hutoa tui jingi zaidi.

Kashata za nazi ni habari nyingine, na hapo nawapa wazee ushindi. Kashata nzuri inahitaji nyuzi za nazi ili sukari ipate pa kushika. Blenda huzikata nyuzi kuwa ugoro na kukamua mafuta, halafu kashata inamomonyoka au inabaki na unyevunyevu. Asiye na mbuzi abonyeze na kuachia swichi mara chache, bila tone la maji, na akome vipande vikiwa bado vinaonekana.

Juisi yangu ya papai na maziwa huwa tamu ikitoka kwenye blenda, lakini baada ya muda inakuwa chungu. Matunda yana kasoro?

Hayana. Papai bichi na bivu vina kimeng'enya kiitwacho papaini, kilekile kinacholainisha nyama ngumu. Ndani ya maziwa kinakatakata protini, na vipande vidogo vya protini ya maziwa ni vichungu. Nanasi lina bromelaini inayofanya hivyo hivyo, na tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya chenye uwezo wa kugandisha maziwa. Kusaga kunaharakisha mambo kwa sababu kunachanganya kila tone la tunda na kila tone la maziwa. Kwa hiyo kinywaji cha papai na maziwa kinywewe palepale. Nanasi likichemshwa dakika chache kimeng'enya chake kinakufa, na likipoa linachanganyika na maziwa bila ugomvi. Embe na ndizi havina tatizo hilo.

Uchungu mwingine unatoka kwenye mbegu. Pasheni isagwe kwa kubonyeza na kuachia, sekunde mbili tatu, ili ute uachane na mbegu, kisha ichujwe. Mbegu zikivunjika juisi inakuwa na vidoa vyeusi na ladha ya majani. Ukwaju na ubuyu havihitaji kisu kabisa. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, vuruga kwa mkono, chuja. Mbegu zake ni ngumu mno kwa kisu chako. Parachichi huwa jeusi kwa sababu hewa iliyoingizwa na kisu inakutana na vimeng'enya vya tunda. Maji ya ndimu au ya pasheni huchelewesha weusi kwa ukali wake, na ndiyo maana juisi ya parachichi na pasheni imependwa hivi Afrika Mashariki. Inakaa na rangi yake muda wa kutosha kuifikisha mezani.

Juisi ya nyumbani haina rangi wala dawa za kiwandani. Basi watoto wanywe watakavyo?

Hapana, na katika yote yaliyomo humu hili ndilo ningependa lisomwe mara mbili. Mwaka 1977 jarida la tiba la Lancet lilichapisha jaribio la watafiti wa Bristol, Uingereza. Watu 10 walipewa tufaha kwa namna tatu: zima, lililosagwa, na juisi yake, kiasi cha wanga na sukari kikiwa kilekile. Juisi iliingia tumboni kwa kasi mara 11 ya tunda zima, lakini shibe yake ilikuwa ndogo kuliko ya lililosagwa, na la kusagwa nalo likashibisha kidogo kuliko la kutafunwa. Mtoto asiyeweza kumaliza machungwa manne kwa mkao mmoja hunywa maji ya machungwa manne na kuomba tena.

Anayependa blenda atanijibu kwamba kusaga si kukamua, maana nyuzinyuzi zinabaki. Ni jibu zuri. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Plymouth yalionyesha kwamba matunda yenye mbegu ndogo yakisagwa bila kuchujwa hayakupandisha sukari ya damu kuliko yalipoliwa mazima. Naichukua hoja hiyo kama ruhusa ya kusaga bila kuchuja. Haihusu mazoea yetu, kwa sababu sisi tunasaga, tunachuja, halafu tunaongeza sukari. Hesabu jagi moja la lita moja la juisi ya ukwaju au tangawizi lililotiwa kikombe kimoja cha sukari. Kikombe hicho ni takriban gramu 200. Gawanya kwa glasi nne, kila glasi ina gramu 50. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa pamoja na ile ya asali na ya juisi isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 50 hivi, na linasema ingefaa zaidi iwe nusu ya hapo. Glasi moja imemaliza siku nzima ya mtu mzima, na imeizidi soda ya kopo, yenye gramu 35 hivi. Kwa hiyo embe, ndizi na papai visagwe bila sukari wala chujio, kwa glasi ndogo. Ukwaju na tangawizi vitiwe sukari kwa kijiko kinachohesabiwa, tena mwishoni, baada ya kuonja.

Nataka kusaga karanga na tende kwa vitafunwa. Blenda inatosha, au ninunue ile mashine ya bakuli pana?

Blenda ilibuniwa kwa ajili ya vinywaji. Stephen Poplawski wa Racine, Wisconsin, aliyepata hataza yake mwaka 1922, alikuwa akitafuta namna ya kuchanganya vinywaji vya maziwa. Jagi lake jembamba linahitaji kimiminika cha kuvuta chakula kushuka kwenye kisu. Mashine ya bakuli pana ilitokana na jiko la mgahawa Ufaransa, ambako Pierre Verdon aliileta majumbani kwa jina la Magimix mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na kisu kipana kinachofagia chini ya bakuli. Tende zisizo na maji, karanga na donge la unga ni kazi ya hiyo ya pili. Lakini anayesaga karanga mara moja kwa mwezi hana haja ya kununua. Karanga ni mafuta karibu nusu ya uzito wake. Zikisagwa zikiwa bado na joto la kukaangwa, zinapita hatua tatu: unga, kisha donge linalogoma, kisha mafuta yanatoka na zinalainika zenyewe. Wengi hukata tamaa kwenye donge na kumwaga maji, na maji huharibu siagi ya karanga. Zima mashine, kwangua kando kwa mwiko, subiri injini ipoe, endelea. Tende kavu loweka dakika 15 kwanza.

Kuna jambo ambalo hakuna mashine inayolitibu. Karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au ladha chungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 68 waugue katika mikoa ya kati ya Tanzania, na 20 kati yao walifariki. Kusaga kunaficha punje mbovu ndani ya nzima. Chagua karanga moja moja kwenye ungo kabla ya kukaanga, na zenye shaka zitupwe, kuku nao wasipewe.

Blenda haili umeme mwingi?

Blenda ya wati 500 ikisaga dakika mbili, uniti moja inatosha kusaga mara 60. Kinachokula umeme ni friji ya kutunzia ulichosaga.

Na juisi ikae siku ngapi?

Matunda yaliyosagwa yamepoteza ganda lililokuwa likiyakinga, na hewa iliyoingia huanza kula vitamini C. Inywe siku hiyohiyo. Ikibidi kulala, ilale kwenye friji ndani ya chombo kilichojaa hadi juu, na maji yaliyotumika pamoja na barafu yawe ya kuchemshwa, kwa sababu barafu haiui vijidudu. Chanzo cha uchafu kinachosahaulika kiko chini kabisa ya jagi. Kuzungusha maji na sabuni ndani yake hakufiki kwenye mpira ulio kati ya jagi na kisu, na humo ndimo maziwa ya juzi na ute wa embe hujificha. Kabla ya kusaga tena, chomoa waya, fungua kitako, toa mpira huo na uunuse. Ukinuka uchachu, sugua kwa maji ya moto na sabuni, uanike ukauke. Ukiwa umepasuka, nunua mpira mwingine kabla hujanunua matunda.