Kliniki Ni Bure, Mbona Mama Hafiki?

Kama huduma ni bure, kinachomzuia mjamzito ni nini?

Sera ya afya inataka huduma za wajawazito katika vituo vya serikali zitolewe bila malipo. Lakini mama wa Kimaasai anayeishi bomani huko Kilindi, au aliyehamia Msomera wilayani Handeni kutoka Ngorongoro, bado ana nauli ya bodaboda ya kutafuta, na pesa ya nyumbani anaishika mume. Akifika, pengine Kiswahili kinamsumbua. Anaulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho, anaitikia tu ili yaishe. Kadi inajazwa makisio, na siku ya kujifungua inakosewa tangu hapo. Huo si uzembe wa mama. Kila kijiji cha wafugaji kinastahili mhudumu wa afya ya jamii anayezungumza Kimaasai.

Kula kidogo ili mtoto awe mdogo, kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Baadhi ya wanawake wa jamii za wafugaji hujinyima chakula miezi ya mwisho wakiogopa uchungu mgumu, na hofu hiyo naielewa: chumba cha upasuaji kiko mbali. Ila kujinyima hupunguza damu, na mwenye upungufu wa damu akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua huzidiwa upesi, na mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu huugua kirahisi. Malaria nayo humaliza damu. Kwa hiyo lala ndani ya chandarua, na miezi mitatu ya mwanzo ikipita umeze SP, dawa ya kukinga malaria, kila unapopewa kliniki, angalau mara tatu. Vidonge vya kuongeza damu usivimeze kwa chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Sina mume wa kufuatana naye. Nitarudishwa?

Njoo. Mwenza huhimizwa aje mpime VVU pamoja, lakini kukosekana kwake si sababu ya kukunyima huduma.

Hali ikibadilika usiku?

Kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza: lolote kati ya hayo, usingoje kuche. Piga 115, ni bure. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hutafuta ambulansi au dereva wa jamii, naye hulipwa na mfumo, si na wewe. Pale ambapo simu haishiki mtandao, mama asogee mapema, wiki chache kabla ya siku zake, akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali au katika nyumba ya mama ngojea kama ipo. Mume na mama mkwe wakubaliane mapema nani atabaki na watoto na mifugo.