Tupite Maji Yakijaa

Kati ya Chole na Juani, maji yakipwa sana watu huvuka kwa miguu. Yakijaa, boti hupita palepale. Kwa hiyo, wenye boti za mashine, tupite maji yakijaa. Tukikwama, yatatuinua. Tukikwama yakipwa, tutangoja saa nyingi na abiria wetu juani.

Penye maji machache tupunguze mwendo. Mmoja akae omoni na upondo, apime kina. Tukigusa chini, tuzime mashine, tuiinue, turudi tulikotoka kwa upondo. Tukilazimisha, tutavunja rafadha na matumbawe, nyumba ya samaki wetu.

Zoezi: Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Jana yalijaa saa 4 asubuhi. Je, leo yatajaa saa ngapi?