Somo la 14: Mambo Matatu ya Jioni



Mwezi Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika katika pwani yetu. Mvua kubwa ilinyesha. Maji yalibomoa barabara na madaraja. Pale Somanga, kaskazini ya Nangurukuru, barabara ilikatika. Kwa siku kadhaa magari hayakuweza kupita kati ya Dar es Salaam na Lindi. Abiria walilala njiani. Kabla ya hapo, Januari 2020, mafuriko yaliua watu katika wilaya yetu ya Kilwa na kuwaacha wengi bila nyumba.

Maji hukauka. Barabara hutengenezwa. Lakini moyo wa mtu haurudi mahali pake siku ile ile daraja linapokwisha kujengwa. Somo hili linahusu moyo huo.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza chai na vitumbua Nangurukuru, pale njia panda, barabara ya Kilwa Masoko inapoachana na ile ya Lindi. Wateja wake ni abiria wa mabasi. Basi lisipopita, hana biashara. Barabara ilipokatika, alikuwa amekwisha kununua mchele na mafuta kwa mkopo wa kikundi. Vitumbua vikaliwa na watoto. Deni likabaki.

Barabara ilifunguliwa. Mabasi yakapita tena. Lakini mama yule hakuwa kama zamani. Usiku alikodolea macho mabati hadi alfajiri. Matone ya mvua yakianza kupiga bati, moyo ulimdunda. Mtoto akiuliza neno dogo, alimfokea. Chakula hakikupita. Jirani yake akamwuliza:

"Shoga, una nini siku hizi?"

"Sina kitu. Nimechoka tu."

"Umechoka na nini, na kazi yenyewe hufanyi?"

"Kazi ninayo. Kuwaza."

Hali hii inaitwa msongo wa mawazo. Si uvivu. Wala si lazima mtu awe amerogwa. Mwili ulijiandaa kwa hatari, na sasa hatari imepita lakini mwili haujaamini. Ni kama mlinzi aliyeibiwa mara moja. Kila panya akipita, yeye anashika rungu.

Tufanye nini? Kwa miaka mingi wataalamu wa mambo ya akili walichunguza zaidi magonjwa. Mwaka 1998 Martin Seligman alikuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Aliwahimiza wenzake wachunguze pia ni kitu gani kinamwezesha mtu kuishi vizuri. Elimu hiyo inaitwa saikolojia chanya. Jina ni gumu kidogo, lakini kazi yake inaeleweka.

Mwaka 2005 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio moja. Watu waliombwa waandike kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo. Tena waandike sababu ya kila jambo. Baada ya miezi sita watu hao walikuwa na furaha zaidi, na huzuni kidogo zaidi, kuliko wenzao walioandika mambo mengine. Waliofaidika zaidi ni wale walioendelea kuandika wenyewe baada ya wiki ile kwisha.

Wewe sasa unajua kuandika. Dawa hii inahitaji daftari na kalamu tu. Tazama ukurasa wa yule mama wa vitumbua:

Jumatatu.
1. Vitumbua vyote vimekwisha. Sababu: niliamka mapema, basi la kwanza likanikuta tayari.
2. Mwanangu kachota maji bila kutumwa. Sababu: ameniona nimechoka.
3. Mvua haikunyesha. Sababu: sijui.

Usicheke. Hata "sijui" inafaa kwa siku ya kwanza. Usiogope pia kukosea herufi, maana daftari hili halisahihishwi na mwalimu.

Sababu ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii. Mtu mwenye msongo huona shimo tu. Akiandika "niliamka mapema", anauona mkono wake mwenyewe. Akiandika "ameniona nimechoka", anaona kwamba yuko mtu anayemwangalia. Mambo hayo yalikuwapo jana pia, ila yalipita bila kuonekana.

Lakini tusidanganyane. Daftari halilipi deni. Mtu mwenye njaa asiambiwe afurahi. Yule mama ilimpasa aende kwa mweka hazina wa kikundi, aseme wazi, aombe muda zaidi. Alikuwa akimkwepa wiki tatu, akipita njia ya nyuma. Siku alipolala usingizi kidogo ndipo alipopata nguvu ya kwenda.

Tena asiwaze peke yake. Huko Zimbabwe, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi kusikiliza wenye huzuni. Bibi na mgeni wake hukaa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi husikiliza. Kisha humsaidia mgeni kuchagua tatizo moja, na hatua moja ya kuanzia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa wengi walipata nafuu. Kwa Kishona hali hiyo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sawasawa na jibu la yule mama! Kwetu benchi si lazima. Mkeka chini ya mwembe unatosha, ikiwa msikilizaji anajua kutunza siri.

Kuna hali ambayo daftari peke yake halitoshi. Mtu akikosa usingizi na hamu ya chakula na ya kazi kwa zaidi ya wiki mbili, aende zahanati au kituo cha afya. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata saa moja. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Mazungumzo darasani

1. Jirani alimwambia mama, "kazi yenyewe hufanyi." Je, neno hili lilimsaidia? Wewe ungesemaje?
2. Kwa nini mama alimkwepa mweka hazina?
3. Katika kijiji chenu, nani anajua kusikiliza na kutunza siri?

Kazi ya nyumbani

Andika usiku huu mambo matatu yaliyokwenda vizuri leo, na sababu zake. Fanya hivyo kwa siku saba. Si lazima uyasome mbele ya darasa.