Bunge la Ndani ya Nyumba: Cosa ya Talossa na Uwezo wa Neno Kuunda Asasi

1. Utangulizi

Tarehe 26 Desemba 1979, mvulana wa miaka 14 aitwaye Robert Ben Madison alitangaza kwamba chumba chake cha kulala katika jiji la Milwaukee, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kimejitenga na nchi hiyo na kuwa ufalme. Ufalme huo aliuita Talossa. Tangazo hilo halikusindikizwa na jeshi wala halikutambuliwa na serikali yoyote. Hata hivyo, ufalme huo ulikua ukapata katiba, vyama vya siasa, uchaguzi na bunge lenye mabaraza mawili. Baraza lake la chini huitwa Cosa.

Makala haya yanaichunguza Cosa kwa jicho la mwanafunzi wa lugha na fasihi. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: ni nini hulifanya bunge kuwa bunge? Ikiwa ni maneno yanayotamkwa kwa utaratibu, basi Cosa ni bunge kamili. Ikiwa maneno pekee hayatoshi, ni kipi kinachopungua?

Istilahi moja inahitaji ufafanuzi kwanza. Makala haya yanatumia neno "kijitaifa" kwa maana ya jamii ndogo iliyojitangaza kuwa dola bila kutambuliwa na dola nyingine. Kiambishi "kiji-" katika Kiswahili huweza kubeba udogo na pia dharau. Hapa kinachokusudiwa ni udogo tu.

2. Jina na mahali

Jina la Talossa limetokana na lugha ya Kifini. "Talo" ni nyumba, na kiambishi tamati "-ssa" huonyesha kuwa ndani ya kitu. Talossa basi ni "ndani ya nyumba". Msomaji wa Kiswahili atauona mara moja ujirani wa muundo huu na "nyumbani", ambapo "-ni" huongezwa mwishoni mwa nomino kuonyesha mahali. Hata hivyo, lugha hizi mbili hazilingani kabisa. Kiambishi "-ni" peke yake hakisemi ni mahali gani, na ni upatanisho wa kisarufi unaomaliza kazi: nyumbani pana watu, nyumbani kuna watu, nyumbani mna watu. "Talossa" inakaribiana zaidi na huu muundo wa tatu, ule wa "mu-", ambao ni mahali pa ndani.

Umbo hili la umahali linafaa kukumbukwa kwa kuwa Kiswahili nacho kimechota neno la mkutano wa watu kutoka kwenye nyumba. "Baraza" ni kile kibao cha mawe mbele ya nyumba ya mwambao, mahali pa kukaa, kuzungumza na kupokea wageni. Kutoka hapo neno likapanuka maana hadi likafikia mkutano, kisha asasi yenye mamlaka. Tofauti ni kwamba baraza la Kiswahili liko nje, machoni pa wapitanjia, ilhali bunge la Talossa lilizaliwa ndani, chumbani. Tofauti hii itarejelewa hapa chini.

3. Jinsi Cosa inavyofanya kazi

Bunge zima la Talossa huitwa Ziu. Lina Seneti, ambayo kila mkoa hutoa mjumbe mmoja, pamoja na Cosa, ambayo huchaguliwa na raia wote. Chini ya katiba iliyopitishwa mwaka 1997, Cosa ilipangiwa viti 200. Raia hupigia kura vyama, na viti hugawanywa kwa uwiano wa kura ambazo kila chama kimepata.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wengi. Talossa haikuwa na watu wa kutosha kuketi katika viti hivyo vyote, kila mmoja na chake. Kwa hiyo chama huweza kumkabidhi mjumbe mmoja viti kadhaa, naye anapopiga kura huhesabiwa kwa idadi ya viti alivyokabidhiwa. Katika Cosa, kiti si mahali pa kukalia. Ni uzito wa sauti.

Wajumbe aghalabu hawakutani uso kwa uso. Miswada hukusanywa katika chapisho la kila mwezi wa kikao liitwalo Clark, na kila mjumbe hurudisha kura yake kwa maandishi: kuunga mkono, kupinga au kutoegemea upande wowote. Katika kila Clark, wajumbe wa Cosa huulizwa pia kama wanataka serikali iliyopo iendelee. Kura ya imani, ambayo katika mabunge mengi ni tukio la nadra na la kishindo, kwao ni desturi ya kila mwezi. Kiongozi wa serikali, aitwaye Seneschal, hutegemea jibu hilo ili abaki madarakani.

4. Kauli inapokuwa tendo

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna kauli ambazo hazielezi jambo bali hulitenda. Shehe anapofungisha ndoa, maneno yake hayaripoti kuwapo kwa ndoa, yanaileta. Austin aliongeza kwamba kauli ya namna hii inahitaji masharti ili ifaulu: utaratibu unaokubalika, watu wanaostahili na mazingira yanayofaa. Watoto wanaocheza mchezo wa baba na mama huweza kutamka maneno yale yale ya ndoa, na pasiwe na ndoa.

John Searle, aliyeiendeleza nadharia hii, alieleza kwamba mambo mengi ya kijamii huwapo kwa sababu watu wamekubaliana kwamba kitu fulani kihesabiwe kuwa kitu kingine katika muktadha fulani. Karatasi huhesabiwa kuwa pesa, na mtu aliyeshinda kura huhesabiwa kuwa mbunge.

Kwa kigezo hiki, je, wajumbe wa Cosa ni kama watoto wale? Jibu la haraka ni ndiyo, lakini si jibu la haki. Utaratibu wanao, umeandikwa na unafuatwa. Watu wanaostahili wapo, kwa kuwa walichaguliwa. Mswada ukipita, raia wa Talossa huuhesabu kuwa sheria, na serikali ikinyimwa imani huanguka. Ndani ya nyumba, kauli zao zinatenda.

Kasoro iko mlangoni. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 unaitaka dola iwe na watu wa kudumu, eneo mahususi, serikali na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Talossa ilidai sehemu ya jiji la Milwaukee, lakini wakazi wa sehemu hiyo waliendelea kulipa kodi na kutii sheria za Marekani kama kwamba Cosa haipo. Sheria ya Cosa humfunga aliyekubali kufungwa tu. Sheria ya bunge la dola humfunga hata aliyelala, hata anayeipinga, hata asiyeielewa.

5. Mtihani wa mwaka 2004

Mwaka 2004 kundi la raia lilijitenga na ufalme na kuunda Jamhuri ya Talossa. Waliojitenga walitumia silaha ile ile aliyoitumia Madison mwaka 1979: tangazo. Ufalme haukuwa na askari wa kuwazuia. Mwaka uliofuata, Madison mwenyewe aliondoka, na mwaka 2007 ufalme ukapata mfalme mwingine. Mwaka 2012 pande hizo mbili ziliungana tena kwa makubaliano.

Tukio hili linafunza mengi. Asasi iliyojengwa kwa ridhaa peke yake hubomoka ridhaa inapoondoka, lakini pia huweza kujengwa upya kwa njia hiyo hiyo. Hakuna aliyerejeshwa kwa nguvu.

6. Lugha: bendera au jembe?

Mwaka 1980 Madison alianza kuibuni lugha ya Kitalossa, yenye sura ya lugha za Kirumi. Imekuzwa ikapata sarufi na kamusi yenye maelfu ya maneno. Majina ya asasi hubeba ladha yake. Hata hivyo, mijadala na sheria zilizo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Lugha ya taifa hupeperushwa, na lugha nyingine hulima.

Msomaji wa Kenya hana haki ya kucheka. Ibara ya 120 ya Katiba ya mwaka 2010 inavitaja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Mbunge ana ruhusa ya kuchangia kwa Kiswahili, na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zimetafsiriwa. Lakini miswada kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi wa kawaida hufungwa na kauli ambayo hakuisikia katika lugha anayoimudu. Jambo hili ni zito kuliko la Talossa, kwa sababu ambayo imekwisha kuelezwa: raia wa Talossa huweza kujitoa akaendelea na maisha yake, ilhali Mkenya hawezi kujitoa katika sheria ya kodi.

7. Hitimisho

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aliyeingia Talossa amekuta bunge linalotenda kwa maneno, lakini ambalo maneno yake hayavuki kizingiti. Aliyeingia katika mabunge ya dola atakuta maneno yanayovuka kila kizingiti, bila kuuliza kama yameeleweka. Cosa ina ridhaa bila nguvu. Bunge lenye nguvu linadaiwa ridhaa, na ridhaa haipatikani bila kuelewana. Ndiyo maana kazi ya kuandika sheria kwa Kiswahili sanifu na chepesi haifai kuachiwa watafsiri wachache baada ya mswada kupita. Ni kazi ya wanaisimu, wanafasihi na wanasheria kwa pamoja, tangu mswada unapoandikwa mara ya kwanza, ili baraza lirudi mahali pake pa asili: nje ya nyumba, mbele ya wapitanjia, katika lugha wanayoisikia.